Hesabu Sindano: Namna ya Kuutambua Msonobari na Kwao

Ukitoka Iringa kwa barabara kuu iendayo Mbeya, ukishakaribia Mafinga, pande zote mbili ni paini tu. Miti imesimama kwa mistari, magogo yamerundikwa kando ya njia, na malori yaliyosheheni mbao yanageuza pua kuelekea Dar es Salaam. Muulize abiria mwenzako ule ni mti gani, atakujibu bila hata kugeuka: paini. Hajakosea, ila jibu lake ni sawa na la mtu anayeulizwa ziwani kuna nini akasema samaki. Wataalamu wa mimea wanahesabu aina zaidi ya 110 za misonobari duniani, na kila moja ina sindano zake, koni zake, gome lake na nchi yake ya asili. Zilizoshika ardhi katika mashamba ya Afrika Mashariki ni chache, lakini hata hizo chache hazipatani na sehemu zilezile. Anayezichanganya hugundua baada ya miaka mingi, mti ukiwa umeshapinda au umeshanyauka.

Kabla ya kuingia kwenye misonobari yenyewe, tuitoe kando miti inayofananishwa nayo. Wa kwanza ni mvinje wa pwani. Kwa mbali, juu ya mchanga wa Unguja au Mombasa, mvinje unaweza kumdanganya mtu yeyote: umerefuka, una nyuzi za kijani zinazoning'inia, upepo ukipita unavuma. Vuta uzi mmoja taratibu. Utakatika kwenye kifundo, kisha kwenye kifundo kingine, pingili baada ya pingili. Ule uzi si jani, ni kijiti chembamba. Majani yake halisi ni vijino vidogo sana vilivyozunguka kila kifundo, na utahitaji lenzi au macho ya kijana kuviona. Mvinje ni mti wa maua. Kitu kinachofanana na koni ni tunda lake, na kinasaba uko karibu na mwaloni kuliko msonobari. (Si kwamba una upungufu wowote: ndio ulioanza kuota kwenye machimbo makavu ya saruji ya Bamburi miaka ya 1970, mahali ambapo miti mingi ilikataa.)

Msaipresi nao, ambao wengi huukata matawi kwa ajili ya Krismasi, si msonobari. Majani yake ni magamba madogo yaliyobanana juu ya kijiti, na koni zake ni vibonge vya duara. Jina lake la kitaalamu, Cupressus lusitanica, linaelekeza Ureno, ilhali mti wenyewe ni wa Mexico na Amerika ya Kati. Mwangati, ambao Kenya huitwa mtarakwa, una magamba pia lakini hutoa vijitunda vya rangi ya samawati iliyofifia. Podo ina majani bapa na mbegu iliyofunikwa na nyama laini. Mwangati na podo ni wenyeji wa milima yetu tangu enzi na enzi. Msonobari siyo.

Hakuna hata aina moja ya msonobari iliyoota yenyewe Afrika kusini mwa Sahara. Bara hili linayo misonobari ya asili kaskazini tu: Pinus halepensis kwenye vilima vya Algeria, Tunisia na Moroko, na jamaa zake wachache katika milima ya huko huko. Ukoo huu ulianza katika mabara ya kaskazini zaidi ya miaka milioni 130 iliyopita, dinosaria wakiwapo, na umebaki huko. Aina moja pekee, Pinus merkusii, imeuvuka mstari wa Ikweta kwa miguu yake yenyewe, huko Sumatra nchini Indonesia, nayo haikufika mbali. Nchi yenye aina nyingi kuliko zote ni Mexico, takriban 50, na ndiyo maana sehemu kubwa ya paini tunazozijua zilitoka Mexico na majirani zake: ni nchi ya joto yenye milima mirefu, mvua ya msimu na kiangazi kinachoeleweka. Mazingira hayo mtu wa Njombe hahitaji kuelezwa.

Sasa sindano. Huna haja ya kupanda juu. Inama uokote zilizoanguka. Utaona hazikuanguka mojamoja. Zimeanguka kwa vitita, na kila kitita kimefungwa kitakoni na ala nyembamba ya kahawia. Kitita hicho kwa kweli ni tawi fupi kupindukia, lenye majani mawili, matatu au matano, ambalo mti hulidondosha zima. Hesabu sindano zilizomo. Namba hiyo ndiyo swali la kwanza ambalo mtaalamu wa misonobari hujiuliza popote aendapo, awe Siberia au kwenye shamba la miti la Sao Hill.

Kisha fanya jambo moja zaidi: zibanebane sindano za kitita kimoja mpaka zigusane. Zitatengeneza ufito mmoja wa mviringo. Kama ni mbili, kila moja ni nusu ya duara. Kama ni tatu, kila moja ina mgongo wa mviringo na pande mbili bapa zinazokutana kwa pembe. Kama ni tano, pembe ni kali zaidi. Kwa hiyo hata ukiokota sindano moja iliyojitenga, ukiipitisha kati ya vidole na kuivingirisha, unaweza kukisia ilikuwa na ndugu wangapi. Katika majangwa ya Nevada na California kuna Pinus monophylla, ambao kwa kawaida kitita chake kina sindano moja tu, na sindano hiyo, kwa kuwa haina wa kubanana naye, ni ya mviringo kabisa.

Wenye sindano tano kwa kawaida ni wale wenye mbao laini, na ala ya kitita chao hudondoka mapema. Wenye mbili au tatu huwa na mbao ngumu zaidi na ala inayobaki. Lakini kanuni hii ina wakaidi wake. Pinus oocarpa, unaotoka Mexico hadi Nicaragua na uliojaribiwa katika nchi kadhaa za Afrika, una sindano tano na bado umo kwenye kundi la mbao ngumu. Tena mti mmoja unaweza kuchanganya: Pinus elliottii hutoa vitita vya sindano mbili na vya tatu kwenye tawi lilelile, na Pinus patula, ambao kwa desturi ni wa tatu, hukutolea cha nne pale usipotegemea. Usihesabu kitita kimoja ukaondoka. Hesabu ishirini, kutoka matawi tofauti.

Baada ya namba, tazama urefu na tabia. Pinus palustris wa kusini-mashariki mwa Marekani ana sindano zinazoweza kufika sentimita 45, urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidoleni. Pinus sylvestris, ulioenea kutoka Scotland na Hispania hadi mashariki ya mbali ya Urusi, una sindano mbilimbili fupi, za sentimita 3 hadi 7, zilizojisokota kidogo na zenye rangi ya kijani-samawati. Waswahili walio Ujerumani, Sweden au Ufini huuona kila siku. Shina lake nusu ya juu ni rangi ya chungwa, na alama hiyo peke yake inatosha kuutambua kutoka dirisha la treni.

Koni ndiyo shahidi wa pili, na mara nyingi ndiye mkweli zaidi. Uliza maswali haya: ina kikonyo au imekaa moja kwa moja kwenye tawi? Iko sawa pande zote au upande mmoja umevimba? Magamba yana miiba? Imefunguka au imejifunga? Baadhi ya misonobari hukaa na koni zake miaka mingi bila kuzifungua, magamba yakiwa yamegundishwa kwa utomvu, hadi joto la moto au la jua kali liyeyushe gundi hiyo na mbegu zimwagike juu ya majivu. Pinus patula ni wa kundi hilo. Ndiyo sababu ukitazama matawi yake manene utaona koni za kijivu za miaka iliyopita, mbili, tatu hadi tano pamoja, zimeng'ang'ania bila kikonyo cha maana.

Tukae kidogo na huyu patula, kwa sababu ndiye bwana wa nyanda za juu za Afrika Mashariki. Kwao ni milima ya mashariki mwa Mexico, mwinuko wa meta 1,400 na kwenda juu, mahali ambapo mawingu kutoka Ghuba ya Mexico hugonga miteremko na kuacha ukungu. Sindano zake ni laini, nyembamba, za kijani kisichokoza, sentimita 15 hadi 25, na zinaning'inia. Shina la chini lina gome zito la kijivu lenye mifereji, lakini ukiinua macho utaona sehemu ya juu ina wekundu na inabanduka maganda membamba. Hakuna paini nyingine ya kawaida kwetu yenye mambo hayo mawili pamoja: sindano zinazolala na gome jekundu linalobanduka. Ukiyaona, umemaliza kazi.

Mufindi imempokea patula vizuri, na ramani inaeleza sababu. Ukingo wa nyanda za juu unatazama bonde la Kilombero, na hewa yenye unyevu ikipanda hugeuka ukungu unaokaa juu ya chai na paini nusu ya siku. Majaribio ya kupanda miti Sao Hill yalianza mwishoni mwa miaka ya 1930, upanzi mkubwa ukafuata baada ya uhuru, na leo shamba hilo la serikali lina eneo la zaidi ya hekta 130,000 ukijumlisha na misitu ya asili iliyomo ndani yake. Patula huyohuyo yuko West Kilimanjaro, yuko kwenye nyanda za juu za Kenya, na yuko Rwanda, alikopandwa kuzunguka msitu wa Nyungwe ili wananchi wapate mbao bila kuugusa msitu wenyewe. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo kilijengwa kwa ajili yake. Nyuzi za mbao ya msonobari zina urefu wa milimita 3 hivi, ilhali za mkaratusi, ambao Iringa huitwa mlingoti, ni takriban milimita 1. Nyuzi ndefu zikisukana hutoa karatasi isiyochanika upesi, na mfuko wa saruji unahitaji karatasi ya namna hiyo.

Mpeleke patula huyo kwenye joto la tambarare, na sifa zote hizo zinakwisha. Huko ni kwa Pinus caribaea. Huyu ana aina ndogo tatu: moja ya magharibi mwa Cuba, ya pili ya visiwa vya Bahamas, na ya tatu, inayopandwa zaidi, ya Honduras na nchi jirani zake. Sindano zake pia ni tatutatu na urefu wake unakaribia wa patula, lakini ni ngumu, zimekoza kijani, na zimesimama badala ya kulala. Koni hudondoka baada ya kufunguka, hivyo hutaziona zimejazana kwenye matawi ya zamani. Ana kituko kimoja kinachomtambulisha hata kwa mbali: katika joto la kudumu, baadhi ya miti hurefuka mita kadhaa bila kutoa tawi lolote, shina limevaa sindano kuanzia chini hadi nchani, na watu wa misitu huuita mtindo huo mkia wa mbweha. Mkia wa mbweha unapendeza machoni lakini shina lake huvunjwa na upepo kwa urahisi. Uganda imejenga mashamba yake mengi ya paini juu ya caribaea wa Honduras, kwa kuwa sehemu kubwa ya nchi ina joto na mwinuko wa wastani. Kenya alipandwa Shimba Hills, karibu na bahari.

Elliottii tuliyemtaja, mwenyeji wa Florida na majimbo ya jirani, watu humchanganya na caribaea, na si ajabu, kwa kuwa ni ndugu wa karibu. Mtofautishe kwa vitita vya mbili na tatu vilivyochanganyika, na kwa koni yake ya kahawia inayong'aa utadhani imepakwa vanishi, yenye kikonyo kifupi. Ni mtoaji mzuri wa utomvu. Utomvu ukichemshwa hutoa tapentaini, na kinachobaki chini ni ile gundi ngumu ya rangi ya asali ambayo wapiga fidla husugua kwenye upinde. Pinus kesiya, kutoka vilima vya Khasi huko India hadi Ufilipino, aliwekwa sana Zambia katika ukanda wa Copperbelt. Kwetu ni wa pembeni.

Aliyekuwa na matumaini makubwa kuliko wote ni Pinus radiata. Huyu kwao ni padogo kupita kiasi: sehemu tatu za pwani ya California na visiwa viwili vya Mexico katika Bahari ya Pasifiki. Hakuna zaidi. Ila akihamishwa anakua kwa kasi ya kushangaza, na leo karibu sehemu tisa kati ya kumi za misitu ya kupandwa ya New Zealand ni yeye. Katika miaka ya 1940 na 1950 wataalamu wa misitu wa Kenya na Tanganyika waliona ndiye jibu. Sindano zake ni tatutatu, fupi kuliko za patula, sentimita 10 hadi 15, kijani kibichi, na koni yake imepinda: magamba ya upande wa nje yamevimba kuliko ya upande unaogusa tawi.

Kisha likaja kuvu linaloitwa Dothistroma. Huanza na kibaka cha manjano kwenye sindano, kibaka kikawa mkanda mwekundu unaoizunguka, na kuanzia mkanda ule kwenda nchani sindano hufa. Mti huungua kutoka chini kupanda juu. Kuvu hili hupenda majani yaliyolowa kwa saa nyingi, na nyanda za juu za Ikweta zina ukungu na manyunyu ya kutosha; pwani ya California kiangazi chake hakina mvua. Mti uliozoea kukauka majira ya joto ukawekwa mahali usipokauka. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 upandaji wa radiata katika Afrika Mashariki ulisimamishwa, na mashamba yakageukia patula, ambaye kuvu hilo halimsumbui sana. New Zealand, ugonjwa ulipofika kwao katika muongo huohuo, walichagua kunyunyizia dawa ya shaba kwa ndege. Walikuwa na fedha na viwanja vya ndege. Sisi tulibadilisha mti, na kwa maoni yangu tulifanya la busara zaidi.

Kuna kuvu jingine ambalo bila hilo paini isingeota hapa hata kidogo. Mizizi ya msonobari hushirikiana na kuvu za udongoni zinazoivalisha kama soksi na kuitafutia maji na fosforasi, zenyewe zikilipwa sukari. Kuvu hizo nazo ni za kaskazini. Udongo wetu haukuwa nazo. Miche ya mwanzo katika nchi nyingi za tropiki ilikaa kitaluni ikiwa mifupi na ya manjano, ikafa, mpaka mtu akaleta udongo kutoka chini ya paini iliyokwishakua. Ndiyo maana hadi leo mwenye kitalu Mufindi huchanganya udongo wa shamba la zamani kwenye viriba vyake. Msimu wa mvua, chini ya paini, utaona uyoga wenye kofia ya kahawia yenye utelezi; huo ni tunda la kuvu hizo, mgeni aliyefuatana na mgeni mwenzake.

Wageni wengine husahau mipaka. Kwenye mlima Mulanje, Malawi, patula aliyepandwa alijipandikiza mwenyewe juu ya nyasi na kuingia kwenye makazi ya mti wa asili wa mlima huo, na wahifadhi wamekuwa waking'oa na kukata kwa miaka mingi. Mbegu yake ina bawa, na moto, ambao ungeua miti mingine, humfungulia koni. Anayepanda patula pembeni ya mbuga ya nyasi au chanzo cha maji aijue tabia hiyo mapema.

Kwa anayesafiri, orodha ni ndefu na sitaimaliza. Kwenye White Mountains za California, Pinus longaeva, wa sindano tano fupi zilizoshona tawi, ana mti mmoja ulio hai wenye umri wa zaidi ya miaka 4,800. Ulikuwa mche kabla piramidi kubwa ya Giza haijajengwa. Kando ya bahari ya Mediterania, mti wenye kichwa bapa kilichotanda ni Pinus pinea, na mbegu zake nyeupe hukaangwa na kumwagwa juu ya wali kwenye meza za Waarabu; aliyeishi Muscat au Dubai huenda amezila, hata kama mti hajauona. Pinus lambertiana wa milima ya California ana koni inayoweza kupita nusu mita. Pinus coulteri wa huko huko hushinda kwa uzito: koni yake mbichi hufika kilo kadhaa na ina kulabu, na watu huonywa wasipumzike chini yake.

Turudi kwa mkulima, maana huku ndiko alama hizi zinakodai fedha. Watu wengi wa Njombe, Iringa na Ruvuma wamepanda ekari zao za paini, na wengine walio mjini wamenunua mashamba kwa simu. Alama zote nilizozieleza zina udhaifu mmoja: mche mchanga hauna hata moja. Msonobari huanza maisha na sindano mojamoja zilizotawanyika juu ya kijishina, na vitita huja baadaye. Koni huchukua miaka. Gome jekundu la patula linahitaji shina. Kwenye kiriba, patula na caribaea si rahisi kwa mnunuzi wa kawaida kuzitenga, na muuzaji naye huenda anajua tu kwamba ni paini.

Kwa hiyo ukienda kununua miche, usiridhike na jina la kwanza. Muulize mwenye kitalu jina la pili la mti wake, mbegu alinunua wapi, na kama ana karatasi ya ununuzi, iombe. Jua mwinuko wa shamba lako. Simu nyingi za siku hizi zinaweza kukuonyesha. Likiwa kwenye nyanda za juu zenye baridi na ukungu, taka patula. Likiwa chini, penye joto, taka caribaea. Akishindwa kukujibu, nenda kitalu kingine, kwa sababu mti huo utakaa shambani kwako miaka 15 au 25 kabla hujauona ubao wake.